Admirali mmoja, pwani ndefu: Mangrasse na vita vya Cabo Delgado

Machi 2021, Rais Filipe Nyusi wa Msumbiji alimteua Admirali Joaquim Rivas Mangrasse kuwa Mkuu wa Majeshi ya nchi hiyo. Takriban wiki mbili baadaye, Machi 24, waasi waliuvamia mji wa Palma, kilomita chache kutoka mpaka wa Tanzania. Afisa wa wanamaji alikuwa ndiyo kwanza amekalia kiti cha juu jeshini, na vita vya pwani vikamkuta hajakizoea.

Kwa mfanyabiashara wa Mtwara, Msimbati au Kilambo, uteuzi wa mkuu wa majeshi Maputo unaweza kuonekana jambo la mbali. Lakini kaskazini mwa Cabo Delgado bahari ndiyo barabara. Mchele, sukari, vitenge na mabati vimekuwa vikishuka kusini kwa mashua na majahazi, na samaki wakavu wakipanda kaskazini. Wamwani wa Mocímboa da Praia na Ibo, na Waswahili wa Mtwara, wana undugu na biashara ya miaka mingi kuliko mpaka wenyewe. Usalama wa bahari hiyo ukiyumba, bei sokoni nayo huyumba. Ndiyo maana safari ya admirali huyu inamhusu hata mwenye duka la rejareja.

Cheo cha admirali ni cha juu kabisa katika jeshi la wanamaji, na kinalingana na cheo cha jenerali kamili katika jeshi la nchi kavu. Neno lenyewe halitoki mbali nasi: asili yake ni Kiarabu, katika shina lile lile lililotupa "amiri", kama tunaposema Amiri Jeshi Mkuu. Katika jeshi la Msumbiji, linalofuata mpangilio wa Kireno, afisa wa wanamaji hupita ngazi za luteni na za ukapteni, ambapo kapteni wa juu kabisa hulingana na kanali wa nchi kavu. Baada ya hapo kuna komodoo, kisha ngazi mbili za chini za uadmirali, ndipo admirali kamili. Ni wachache mno wanaofika huko, kwa sababu kikosi chenyewe ni kidogo.

Udogo huo una historia. Mkataba wa Amani wa Roma wa 1992, uliomaliza vita kati ya serikali ya FRELIMO na RENAMO, ulipanga jeshi jipya la askari 30,000. Kati yao, 24,000 walikuwa wa nchi kavu, 4,000 wa anga na 2,000 tu wa majini. Nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 2,400, kutoka Mto Ruvuma hadi mpaka wa Afrika Kusini, ilijipangia wanamaji wasiotimia hata mmoja kwa kila kilomita. Hata idadi hiyo haikuwa rahisi kufikiwa, kwani baada ya miaka 16 ya vita wapiganaji wengi walitaka kurudi makwao kuliko kuvaa tena sare.

Upungufu ulionekana wazi Desemba 2010, maharamia wa Kisomali walipoiteka meli ya uvuvi Vega 5 katika maji ya Msumbiji. Mwaka uliofuata Afrika Kusini ilipeleka meli zake kufanya doria katika mlango bahari wa Msumbiji, zikitumia bandari ya Pemba.

Kisha ikaja mikopo ya siri. Mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu za serikali zilikopa zaidi ya dola bilioni mbili bila Bunge kuidhinisha. Mojawapo, ProIndicus, ilichukua dola milioni 622 kwa maelezo kwamba ni za kulinda pwani kwa boti za kasi na rada. Mikopo ilipogundulika mwaka 2016, wafadhili na Shirika la Fedha la Kimataifa walisitisha misaada, thamani ya metikali ikaporomoka, na wafanyabiashara wa mipakani wakauhisi mporomoko huo mifukoni mwao. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alihukumiwa New York Januari 2025 kifungo cha miaka minane na nusu. Ulinzi wa pwani uliotajwa kwenye makaratasi haukuonekana baharini.

Vita vilipoanza Mocímboa da Praia, Oktoba 5, 2017, kaskazini hakukuwa na kikosi cha majini chenye uwezo wa kuziba njia za waasi. Agosti 2020 mji huo ulianguka. Waliokuwa wakiilinda bandari yake ni askari wa wanamaji wanaopigana nchi kavu. Walipigana kwa siku kadhaa hadi risasi zikawaishia, na Agosti 12 bandari ikawa mikononi mwa waasi. Kwa mwaka mzima mji wa bandari uliokuwa ukipokea mizigo ya eneo lote hilo haukuwa chini ya serikali.

Januari 2021, Nyusi alimweka Jenerali Eugénio Mussa, aliyekuwa akiongoza mapambano kaskazini, kuwa Mkuu wa Majeshi. Mussa alifariki Februari, baada ya wiki chache tu kazini. Ndipo zamu ikamfikia Mangrasse. Kabla ya hapo alikuwa akiongoza Casa Militar, ofisi ya kijeshi inayoshughulikia usalama wa Rais. Kwa hiyo hakuwa mgeni Ikulu, na Rais alikuwa akimjua vizuri.

Palma ikawa mtihani wake wa kwanza, na bahari ndiyo iliyookoa watu. Barabara zilikuwa zimefungwa na mashambulizi, wakazi na wafanyakazi wa mradi wa gesi wakakimbilia ufukweni na rasi ya Afungi. Feri ya Sea Star I ilibeba zaidi ya watu elfu moja hadi Pemba katika safari moja, na mashua na boti nyingine ndogo zikafanya kazi usiku na mchana. Wengi wa waliookolewa walipakiwa kwenye vyombo vya kiraia. Serikali ilitangaza mwanzoni mwa Aprili kwamba Palma imerudi mikononi mwake, lakini Aprili 26 kampuni ya Total ilisimamisha rasmi mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20. Wauza vyakula na vifaa vya ujenzi waliokuwa wakiitegemea Palma, wakiwemo wa upande wa Tanzania, walibaki na bidhaa bila mnunuzi.

Mabadiliko yalikuja Julai 2021. Askari 1,000 wa Rwanda walianza kuwasili Julai 9, na siku chache baadaye kikosi cha SADC, kikiwemo cha Tanzania kilichopangiwa wilaya ya Nangade. Agosti 8, Warwanda na Wamsumbiji waliikomboa Mocímboa da Praia pamoja na bandari yake. Katika kipindi hicho hicho cha Mangrasse, wakufunzi wa Umoja wa Ulaya walifundisha kombania tano za askari wa wanamaji huko Katembe, ng'ambo ya ghuba ya Maputo. Hatua hiyo ilikuwa kukiri kwamba pwani haiwezi kulindwa na askari wa nchi kavu peke yao.

Hata hivyo, askari wa kigeni walipiga hatua nchi kavu haraka kuliko Msumbiji ilivyoimarisha doria zake majini. Kikosi cha SADC kiliondoka Julai 2024. Waasi walisambaratika, lakini hawakuisha.

Wakenya wana mfano wa jirani. Jenerali Samson Mwathethe, aliyejiunga na jeshi mwaka 1978, alikuwa Kamanda wa Jeshi la Wanamaji la Kenya wakati vikosi viliposhuka kutoka baharini usiku na kuingia Kismayu, Septemba 2012. Mwaka 2015 akawa mwanamaji wa pili kuongoza majeshi yote ya Kenya. Hakuitwa admirali, kwa sababu Kenya huwapa maafisa wake wa majini vyeo vya nchi kavu. Lakini alipoamuru, palikuwa na meli za kutekeleza amri. Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilipoteza bandari iliyokuwa ikiliingizia fedha za mkaa. Mangrasse alikuwa na cheo kikubwa zaidi kwa jina, akiwa na meli chache zaidi mkononi.

Mwaka 2025, Rais mpya Daniel Chapo alimteua Jenerali Júlio dos Santos Jane kushika nafasi ya Mangrasse. Admirali aliondoka akiwa ameiona Mocímboa ikirudi na kipande kikubwa cha pwani kikifunguka tena. Aliacha pia deni ambalo hakulianzisha yeye: bahari isiyo na macho ya kutosha. Nchi inapokosa doria ya kudumu, hubaki na njia rahisi ya kuzuia vyombo, kuwashuku wavuvi na kufunga safari za usiku. Gharama ya hilo hulipwa na mwenye mashua, kisha mteja wake.

Daraja la Umoja lililofunguliwa Mei 2010 juu ya Mto Ruvuma linasaidia wenye malori. Lakini liko mbali na pwani, Mtambaswala, na halimfai mama wa Msimbati mwenye magunia matatu ya mchele. Yeye na wenzake hawana haja ya kujua nani amepandishwa cheo Maputo. Watajua kazi imefanyika siku watakapopakia Mtwara asubuhi na kushusha Palma bila kuuliza kwanza kama njia iko salama.