Tunamlilia Maria wa Runinga, Wetu Yuko Jikoni

Msomaji mpendwa, hebu nikuulize swali kabla hujafungua ukurasa mwingine. Jioni, familia yako inapokusanyika mbele ya runinga kutazama mchezo mnaoupenda, yule msichana anayewapikia huwa ameketi wapi?

Usinijibu upesi. Mimi nami nilidhani ninalo jibu, kumbe sikuwa nalo.

Kwanza nikiri kwamba mimi ni shabiki sugu wa michezo ya runinga. Wako wanaoshikilia kuwa michezo hii ni ya watu wasio na shughuli. Wacha waseme. Nikitoka kazini nikavua viatu, hakuna kinachonituliza kama kumwona mama mkwe wa mtu mwingine akimsumbua mke wa mtu mwingine. Na kama vile shabiki wa kandanda anavyojua makosa ya kocha kuliko kocha mwenyewe, nami nina maoni yangu. Nitakupa machache, kisha nitakueleza kwa nini swali lile la kwanza halinitoki kichwani.

Milango isiyofungika

Maoni yangu ya kwanza yanahusu milango. Sijui ni fundi gani anayejenga nyumba za matajiri wa runinga zetu, maana hakuna mlango unaofungika. Kila siri inapotamkwa, kuna mtu amesimama nje ametega sikio. Ukija hospitalini nako, mgonjwa hulala wiki tatu bila fahamu, na akiamka nywele zake zingali zimesukwa vizuri. Kifungua mimba wangu alipokuwa na miaka saba alikuwa tayari mtabiri. "Mama, sasa atasema hamkumbuki mtu," alikuwa akiniambia, na kweli mgonjwa hamkumbuki mtu.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Katika Kina, mchezo ulioanza mwaka 2020, Sanaipei Tande alimwigiza Nana Tandala kwa namna iliyonifanya nimsahau yule mwanamuziki niliyemjua. Adui wa kweli katika mchezo si yule anayecheka peke yake chumbani kwa sauti kubwa. Ni yule ambaye hata ukimchukia unaelewa anachokitafuta. Naye Sarah Hassan, ambaye wengi wetu tulimjua akiwa Tanya, mwanafunzi katika Tahidi High, alipotokea mwaka 2021 akiwa Zora, nilijiona mimi pia nimekua. Tulivaa sare naye, sasa tunahangaika na mambo ya ndoa naye.

Msichana katika kasri

Lakini hakuna mchezo ulioteka nyumba yetu kama Maria. Ulianza katika runinga ya Citizen mwaka 2019 na kumalizika mwaka 2021, ukiwa kazi ya Jiffy Pictures, kampuni ya Rashid Abdalla na mkewe Lulu Hassan, wale wasomaji wa habari. Yasmin Said alikuwa Maria, msichana wa mtaa wa mabanda anayejikuta katika kasri la familia ya Hausa. Brian Ogana alikuwa Luwi, kijana wa nyumba hiyo, aliyekuwa na mchumba wa tabaka lake, Sofia. Yaliyofuata unayajua, na kama huyajui unaweza kuyakisia.

Unaweza kuyakisia kwa sababu kisa chenyewe ni cha kale. Mwaka 1979 Wameksiko walitoa mchezo uitwao Los ricos también lloran, yaani matajiri nao hulia. Ndani yake Verónica Castro aliigiza Mariana, msichana fukara anayechukuliwa na tajiri na kuletwa nyumbani kwake, kisha akapendana na mtoto wa kiume wa nyumba hiyo. Mchezo huo ulizunguka dunia. Warusi waliutazama mwanzoni mwa miaka ya tisini wakati nchi yao ilipokuwa ikisambaratika, na mitaa ikawa mitupu saa yake ilipofika.

Sisemi kwamba kufuata njia iliyokwisha kupitwa ni dhambi. Malalamiko yangu ni mengine. Katika michezo hii, maskini hana mlango wa kutokea katika umaskini ila miwili tu. Ama aolewe na tajiri, ama igunduliwe kwamba yeye ni damu ya tajiri. Mtazame Selina, mchezo ulioanza Maisha Magic East mwaka 2018, ambapo Celestine Gachuhi aliigiza msichana maskini na Pascal Tokodi akawa Nelson, kijana wa familia tajiri ya Mackenzie. Utamu wake siukatai. Lakini je, hakuna msichana hata mmoja anayepandishwa mshahara?

Maria mwenyewe alinipendeza zaidi katika vipindi vya mwanzo, alipokuwa bado anazungumza lugha ya mtaani na kujibizana na kila mtu. Kadiri alivyozidi kuzoea kasri, ndivyo ulimi wake ulivyozidi kupoteza makali. Mimi nilimtaka yule wa kwanza.

Tulivyokuwa tunaketi

Sasa nikurudishe mwaka 2020. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Watu ambao hawakuwahi kukutana na jua la jioni katika nyumba zao walijikuta wako ndani wote, baba, mama na watoto, kila siku. Nyumbani kwetu, Maria alikuwa kama mgeni wa kila jioni. Mume wangu, ambaye hapo awali alidai hatazami upuuzi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwanyamazisha watoto.

Tulikuwa na makochi mawili. Mimi na mume wangu tulikalia moja, watoto likawa lao la pili. Msichana tuliyemwajiri, ambaye watoto walimwita anti, alitazama akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mara nyingine na mwiko mkononi. Matangazo ya biashara yalipoanza alirudi kugeuza ugali. Yalipokwisha, alikuwa mlangoni tena.

Hakuna aliyemkataza kuketi. Ninalisema hilo ili nijitetee, lakini najua ni utetezi dhaifu. Hakuna aliyemkaribisha pia.

Kwa hiyo hebu pata picha hiyo, msomaji. Kwenye runinga, msichana maskini ametukanwa na watu wa kasri, na mimi kwenye kochi nafuta machozi kwa pindo la leso, nasema, "Hawa watu hawana utu." Nyuma yangu, hatua tano tu, amesimama msichana ambaye tangu afajiri hajaketi.

Papa na suti yake

Julai 18 mwaka huo alifariki Charles Bukeko, yule tuliyemjua kwa jina la Papa Shirandula. Mchezo wake, ulioanza mwaka 2007 nilipokuwa nimetoka tu sekondari, ukafikia mwisho pamoja naye. Kwa huzuni, jioni kadhaa tuliviacha vipindi vipya tukatafuta vya zamani kwenye simu na kuvitazama tena.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ujana wangu haukuniruhusu kuliona. Papa alikuwa bawabu. Lakini aliondoka nyumbani amevaa suti, kisha akifika kazini akaivua na kuvaa sare, ili mkewe Wilbroda aendelee kuamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisi. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Ukiketi ukafikiri, mzaha huo una uchungu ndani yake. Mtu mzima anafanya kazi halali, anailinda mali ya wengine usiku na mchana, na bado anaona ni heri adanganye kuliko kukubali kwamba yeye ndiye afunguaye lango.

Katika mchezo huo hakukuwa na tajiri wa kuja kumwokoa yeyote. Bawabu ndiye aliyekuwa nguzo ya hadithi, na tajiri alipita tu langoni. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake miaka 13.

Na alikuwapo Awinja, kijakazi, aliyeigizwa na Jacky Vike. Nina lawama moja hapa, kwamba waandishi wa michezo yetu wamezoea kuchekesha watu kwa lafudhi ya wenzetu wa magharibi, kana kwamba kazi za jikoni na langoni zimeumbiwa jamii moja. Hilo si haki. Lakini Awinja hakuwa sanamu. Alikuwa na umbeya wake, mapenzi yake na hasira zake.

"Akikasirika anasema"

Jioni moja, siku chache baada ya msiba huo, nilimkuta msichana wetu anacheka peke yake jikoni huku akiosha vyombo. Alikuwa amekumbuka kituko cha Awinja. Nikamuuliza, kwa mzaha tu, yupi anampenda zaidi kati ya Awinja na Maria.

"Awinja," akajibu bila kusita.

"Lakini Maria si ndiye mrembo? Tena anapendwa na Luwi!"

Akasuuza sahani, akaiweka, ndipo aliponijibu. "Mama Baraka, Awinja akikasirika anasema."

Hakuongeza neno. Mimi pia sikuongeza. Nilirudi sebuleni, na badala ya kutazama runinga nikaanza kuhesabu. Serikali ilipofunga barabara za kuingia na kutoka Nairobi mwezi Aprili, hakuweza kwenda kwao, na hilo halikuwa kosa langu. Lakini Jumapili zake za mapumziko nilizifuta mimi, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, nilivyojiambia. Hesabu ikafika Jumapili 15. Barabara zilifunguliwa Julai 7. Siku zikapita zaidi ya kumi, nami sikuwa nimemtajia neno likizo, na yeye hakuwa ameniuliza.

Hakuniuliza kwa sababu hakuwa Awinja, na nyumba yangu haikuwa mahali ambapo mtu wa jikoni akikasirika husema.

Sheria inasemaje?

Wengi wetu hudhani kwamba mapumziko ya msaidizi wa nyumbani ni fadhila za mwajiri. Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mwajiriwa anastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Baada ya miezi 12 kazini anastahili likizo ya siku 21 za kazi, kwa malipo kamili. Sheria hiyo haikuandikia watu wa ofisi peke yao. Anayelea mtoto wako ni mwajiriwa sawa na wewe unayeamka kumwahi bosi wako.

Hata neno tunalolitumia, hasa sisi waandishi, halina heshima. Kijakazi asili yake ni mjakazi, na mjakazi ni mtumwa wa kike. Mimi nimelitumia katika makala haya haya, hapo juu, na huenda hukushtuka. Hivyo ndivyo tulivyozoea.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka usiku ule. Nilimwomba radhi, akasema, "Hakuna shida, Mama Baraka," kwa sauti ya mtu ambaye haamini. Nilimlipa zile Jumapili, akaenda kwao wiki mbili. Aliporudi nilimwambia awe anaketi nasi tukitazama Maria. Siku tatu za kwanza alisema amezoea kusimama. Siku ya nne aliketi, ncha ya kochi, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Ilichukua mwezi mzima kabla hajaegemea. Na mwezi wa pili alinilalamikia, waziwazi, kwamba pesa za sokoni ninazomwachia hazitoshi. Nilikasirika kidogo, nakiri. Kisha nikafurahi.

Simu ya Machi

Mwanzoni mwa mwaka 2021 aliacha kazi akaenda kujifunza ushonaji. Maria alipomalizika mwezi Machi, alinipigia simu. Huko alikokuwa umeme ulikuwa umepotea, na alitaka nimsimulie mwisho. Nilimsimulia kwa tuo, kama mashabiki wafanyavyo: nani alilia, nani alivaa nini, nani aliumbuka.

Akanisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akauliza, "Na wale wafanyakazi wa kwa kina Hausa, wao ikawaje?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikuwa nimetazama mchezo ule kwa zaidi ya mwaka mmoja, na nilijua hadi rangi ya mapazia ya kasri. Swali lake sikuweza kulijibu.

Basi, msomaji, leo jioni ukiketi kutazama mchezo uupendao, lia ukitaka kulia, na cheka ukitaka kucheka. Lakini kabla matangazo ya biashara hayajaisha, geuka utazame nyuma yako mlangoni. Kama kuna mtu amesimama, mpe nafasi kwenye kochi. Na akishaketi, muulize ni lini mara ya mwisho alipumzika Jumapili.