KWA NINI MWILI HUUKATAA MOYO WA MTU MWINGINE

 

Leo tunazungumza juu ya viungo vya kupandikizwa, yaani mtu kutiwa moyo au figo ya mwenzake baada ya yake kuharibika. Huenda ukasema, "Hayo ya hospitali kubwa yanihusu nini mimi?" Yanakuhusu, mama. Wapo Wakenya waliopandikizwa figo Nairobi, Eldoret au India, wakarudi kwao, na anayewauguza ni mama, mke au dada. Dawa wanazomeza zilipatikana baada ya kuwachunguza wanyama. Ukijua zinavyofanya kazi, utajua kwa nini haziachwi hata siku moja.

Askari wa mwili

Ndani ya damu mna chembe nyeupe. Hizi ndizo askari wa mwili. Kazi yao ni kama ya mwenye nyumba anayemweka mgeni dakani mpaka amjue. Wakikiona kijidudu kisicho cha mwili wao, hukishambulia. Taabu ni kuwa hawapambanui adui na msaada. Moyo wa mtu mwingine, hata uwe mzima kiasi gani, wao huuona ni mgeni na huupiga vita. Huko ndiko mwili kukataa kiungo.

Wanyama walifundisha nini?

Sungura: Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, watu wengi Uingereza waliungua. Mtaalamu Peter Medawar alibandika ngozi ya sungura mmoja kwa mwingine. Ngozi ilishika siku chache, kisha ikafa. Alipobandika tena ngozi ya sungura yule yule, ilikufa upesi zaidi. Ikajulikana kuwa askari wa mwili hujifunza na hukumbuka. Mwaka 1960 Medawar alipewa Tuzo ya Nobel.

Mbwa: Mwaka 1960 pia, madaktari Richard Lower na Norman Shumway wa Stanford, Marekani, walieleza walivyowapandikiza mbwa mioyo. Kadhaa waliishi siku 6 hadi 21. Upasuaji ulifaulu na mioyo ilidunda, lakini miili iliikataa.

Kisha ikaja zamu ya mtu. Tarehe 3 Disemba 1967, Christiaan Barnard wa Cape Town alimpandikiza Louis Washkansky moyo. Ulidunda vizuri, lakini baada ya siku 18 alikufa kwa nimonia. Dawa za kuwatuliza askari wa mwili zilikuwa zimemwacha bila ulinzi.

Panya: Katika miaka ya 1970, dawa ya saiklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongoni, ilijaribiwa kwa panya, kisha kwa wanyama wakubwa zaidi. Ilionekana kuwatuliza askari bila kuwaangamiza wote. Dawa hiyo ilipoanza kutumiwa kwa watu, mambo yalibadilika. Leo wengi wanaopandikizwa moyo huishi zaidi ya miaka 10.

Nyani: Mwaka 2018 madaktari wa Ujerumani walieleza kuwa nyani waliotiwa mioyo ya nguruwe waliobadilishwa jeni waliishi hadi siku 195. Januari 2022, David Bennett wa Marekani alitiwa moyo wa namna hiyo, akaishi kama miezi 2. Suala la halali na haramu tuwaulize mashekhe wetu. Mimi naeleza ya tiba.

Lakini panya si mtu. Dawa nyingi zilizofaulu kwa panya hazikufaulu kwetu, ndiyo sababu hujaribiwa hatua kwa hatua. Na kwa kuwa wanyama hao huumia na kufa, siku hizi utafiti hupitishwa kwanza na kamati ya maadili.

Mambo ya kufuata nyumbani

1. Dawa zimezwe kila siku, saa zile zile, maisha yote. Mgonjwa akijiona mzima, ni dawa zinazofanya kazi. Akiziacha, askari huamka na kiungo huweza kufa.

2. Hesabu vidonge. Wakati wa kusi bahari huchafuka na safari hukwama. Tafuta dawa nyingine zikiwa zimebaki za wiki 2.

3. Ramadhani ikikaribia, asifunge wala asibadilishe saa za dawa kabla ya kumwona daktari wake.

4. Akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ulinzi wake ni mdogo, na maradhi humwenea upesi.

5. Usimpe miti shamba wala dawa za maumivu za dukani bila kuuliza. Baadhi hupunguza nguvu ya dawa zake, nyingine huumiza figo.

6. Kabla ya chanjo yoyote, mwambie muuguzi kuwa amepandikizwa. Baadhi ya chanjo zina vijidudu hai.

Dalili za hatari ni mkojo kupungua, miguu kuvimba, pumzi kumpaa na uchovu usio wa kawaida. Lakini mwili huweza kuanza kukataa kiungo bila dalili yoyote, kwa hiyo asikose kliniki wala kupimwa damu.

Maswali ya kujadiliana

Kwa nini mgonjwa anayejiona amepona hapaswi kuacha dawa? Katika mtaa wenu, nani atasaidia kumletea dawa bahari ikichafuka?