Kumsamehe mtoto si kujifanya hakukosea

Watoto wawili wamegombania chaja ya simu. Mmoja amesukumwa, amejigonga kwenye kona ya meza. Mama anatoka jikoni na mwiko mkononi. “Mwombe mwenzako msamaha!” “Samahani.” “Na wewe sema umemsamehe.” “Nimekusamehe.” Sekunde kumi, kesi imefungwa, mama anarudi kwenye maharage yake. Akigeuka tu, aliyesamehewa anamtolea mwenzake ulimi.

Ndivyo msamaha unavyofundishwa katika nyumba nyingi, na si haki kumlaumu sana mzazi, maana maharage nayo huungua. Tatizo huja Jumapili. Mtoto huyohuyo anakaa kwenye mafundisho ya watoto kanisani, anasikia neema, rehema na msamaha vikitajwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kwake Neema na Rehema ni majina ya wasichana wa darasani. Anarudi nyumbani na swali: “Mama, kama Mungu akisamehe yameisha, mbona wewe ukinisamehe bado unaniadhibu?”

Swali hilo si utundu. Watu wazima wengi wangebabaika kulijibu, na wengi hulijibu kwa kumfukuza mtoto akaoge.

Tuanze na mfano wa nyumbani. Kijana wa miaka 13 amechukua shilingi 20,000 za mchezo ambazo mama yake alizihifadhi kabatini. Amekula chipsi na wenzake, zimeisha. Amebainika. Mama angeweza kumpa adhabu kali, kisha akaipunguza au akaiacha kabisa kwa sababu amemwona mwanawe amevunjika moyo. Hiyo ni rehema, ambayo Wakatoliki wengi huiita huruma: mtu anastahili kipigo, nawe unauzuia mkono wako.

Neema ni kitu kingine. Jioni hiyohiyo mama anamwekea yule kijana chakula mezani kama kawaida, na kipande cha nyama kinene kama cha wenzake. Hakukifanyia kazi, wala leo hastahili. Anakipata kwa sababu moja tu, kwamba ni mtoto wa nyumba hiyo. Rehema imemwondolea kilichomstahili. Neema imempa kisichomstahili.

Na msamaha? Msamaha ni kufuta deni. Katika Injili ya Mathayo, sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake inaliita kosa “deni”, na neno hilo linawafaa watu wanaoishi kwa vikoba na mikopo. Aliyekukosea anadaiwa nawe kitu: heshima uliyompa akaivunja, imani uliyokuwa nayo kwake. Kusamehe ni kuamua kwamba hutaendelea kumdai. Hutamwekea riba, hutamgongea mlango usiku. Lakini ili ulifute deni, ni lazima kwanza ulikubali kuwa lipo. Ndiyo maana mzazi anayesema “haina shida, mwanangu, ni hela tu” hajasamehe chochote. Amejifanya hakuna kilichotokea.

Baba aliyekatiza hotuba

Mfano maarufu kuliko yote juu ya jambo hili uko katika Injili ya Luka, sura ya 15: mwana mpotevu. Tumeusikia mara nyingi kiasi kwamba tunaupita haraka, lakini kuna mambo mawili ndani yake ambayo mzazi angefaa kuyatazama polepole.

La kwanza ni ile hotuba. Kijana akiwa kwenye mazizi ya nguruwe anajiandalia maneno ya kumwambia baba yake: nimekosa, sistahili kuitwa mwanao, nifanye kama mmoja wa vibarua wako. Anapofika, anaanza kuyasema. Ukisoma kwa makini utaona kwamba sehemu ya kuomba ukibarua haifiki mwisho. Baba anamkatiza, anaagiza joho, pete, viatu na ndama aliyenona. Kumpokea kama kibarua kungekuwa rehema tosha, na hakuna jirani ambaye angemlaumu mzee. Pete ni neema.

La pili husahaulika zaidi. Mali ile iliyotapanywa hairudi. Kaka mkubwa anaponung’unika, baba anamwambia kwamba vyote vilivyobaki ni vyake yeye mkubwa. Mdogo amerudishiwa nafasi yake mezani na jina lake la mwana, lakini urithi alioula ameula. Hakuna panaposemwa kwamba mashamba yaligawanywa upya.

Hapo ndipo jibu la yule mtoto aliyeuliza lilipo. Kusamehewa kunarudisha uhusiano. Hakurudishi chipsi zilizoliwa. Kijana wa shilingi 20,000 anaweza kusamehewa leo kwa moyo wote, akala nyama yake, na bado kwa wiki kadhaa akawa anachota maji na kufua mapazia mpaka hela ya mama itimie. Wala asiambiwe kwamba kazi hiyo ndiyo inayonunua msamaha. Msamaha ameshaupata, anachofanya sasa ni kutengeneza alichoharibu.

Zakayo wa Yeriko naye ni hivyohivyo, na watoto wanampenda kwa sababu alipanda mti. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti moja. Ahadi ya kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu ilikuja baadaye, mgeni akiwa ameshakaribishwa. Mpangilio huo una maana. Wazazi wengi tumeugeuza: lipa kwanza, lia kwanza, piga magoti kwanza, ndipo nikutazame usoni.

Papa na aliyempiga risasi

Kwa watoto wakubwa, wale wa sekondari wanaopenda mambo yaliyotokea kweli, upo mfano wa Papa Yohane Paulo II. Mei 13, 1981, katika uwanja wa Mtakatifu Petro, Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi nusura amuue. Siku nne baadaye, akiwa bado kitandani hospitalini, Papa alitoa ujumbe uliorekodiwa akasema amemsamehe. Desemba 27, 1983 alimfuata gerezani Rebibbia, Roma, wakakaa kwenye viti wakizungumza kwa sauti ya chini. Picha zao zilizunguka dunia nzima.

Kisha Papa akatoka, mlango ukafungwa, na Ağca akabaki ndani. Alikuwa amehukumiwa kifungo cha maisha, na Italia haikumwachia hadi mwaka 2000, aliposamehewa na rais wa nchi hiyo na kupelekwa Uturuki, ambako alikuwa na kesi nyingine ya mauaji. Karibu miaka 19 alikuwa mtu aliyesamehewa na mtu aliyefungwa kwa wakati mmoja. Muulize kijana wako kama anaona hapo kuna mgongano. Mazungumzo yatakayofuata yatakuwa bora kuliko mahubiri.

Kuna familia ambamo baba ni Mlutheri na mama ni Mkatoliki, na watoto husikia huku kwamba mtu huokolewa kwa neema tu, kule wanasisitiziwa kitubio na malipizi. Wasidhani wazazi wao wana Mungu wawili. Oktoba 31, 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja wakikiri kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili ya matendo yake. Tofauti bado zipo, lakini si kubwa kama zinavyotangazwa kwenye vikao vya harusi.

Usimwambie ni kitu kidogo

Petro alimuuliza Yesu ni mara ngapi amsamehe ndugu yake, na jibu likawa mfano wa mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja inakadiriwa kuwa sawa na dinari 6,000. Piga hesabu: ni dinari milioni 60. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kulipa. Mfalme akalifuta lote. Mtumwa akatoka, akamkaba koo mwenzake aliyemdai dinari 100.

Wahubiri wengi huziita dinari 100 vijisenti. Si kweli. Ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu. Kwa mtu wa kipato cha chini ni kodi ya nyumba na ada za watoto. Yesu hakusema deni tunalodai sisi ni dogo. Alilipima tu mbele ya lile kubwa. Kwa hiyo mtoto anapolia kwamba dada yake amechana daftari lake lenye kazi ya wiki nzima, usimwambie “ni daftari tu, msamehe”. Mwambie ukweli: amekukosea, na inauma. Anayeambiwa hajaumia hana cha kusamehe.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wangependa lisiandikwe.

Kuna nyumba ambamo mtoto ameshikwa vibaya na mjomba, na binamu mkubwa, na mtu anayeheshimika kanisani. Kikao cha ukoo kinaitwa. Watu wanasema yaliyopita si ndwele. Wanasema damu nzito kuliko maji. Mtu anatoa mbuzi au kiasi fulani cha fedha, na mtoto anaitwa sebuleni aseme amesamehe, kwa sababu Biblia imeagiza saba mara sabini. Huo si msamaha. Ni kufunika kombe ili mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ameketi kochini anakunywa soda.

Wanaonukuu saba mara sabini wangesoma na aya za juu yake. Ni sura ileile, Mathayo 18. Kabla ya swali la Petro, Yesu anasema kwamba anayemkosesha mmoja wa wadogo ni afadhali afungwe jiwe la kusagia shingoni na kutupwa baharini. Sura hiyo inaeleza pia jinsi ya kuleta mashahidi na kulipeleka kosa mbele ya kusanyiko. Aliyefundisha kusamehe kuliko wote ndiye aliyewatetea watoto kwa maneno makali kuliko yote, na ndani ya mazungumzo yaleyale.

Tena deni hufutwa na anayedai. Babu hawezi kulifuta kwa niaba ya mjukuu, wala mchungaji, wala mama. Mtoto aliyeumizwa ana haki ya kulindwa kwanza. Suala la kusamehe litakuja kwa wakati wake, pengine baada ya miaka mingi, pengine kwa msaada wa mtu aliyesomea ushauri. Wakati huohuo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zimevunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto. Kuzitumia si kukosa roho ya msamaha. Ağca alisamehewa akiwa chini ya ulinzi.

Turudi kwenye makosa ya kila siku, ambayo ndiyo mengi. Kinachoua msamaha nyumbani mara nyingi si adhabu bali ni kumbukumbu. Mtoto alichukua hela akiwa na miaka 13, akafua mapazia, deni likaisha. Ana miaka 16 sasa. Wageni wamekuja, mkoba wa shangazi hauonekani, na mama anacheka: “Muulizeni huyo, ana historia.” Mkoba unapatikana chini ya kochi, lakini kijana ameshaelewa kwamba daftari la madeni halikuchanwa, liliwekwa tu juu ya kabati. Ukishasema limeisha, lisitumike tena, hata kwa mzaha.

Na mzazi akikosea? Wengi wetu tumelelewa na watu ambao hawakuwahi kutamka neno samahani kwa mtoto. Baba aliyemchapa asiyehusika alirudi jioni na chips mayai, na kila mtu akaelewa. Chips ni nzuri, lakini mtoto anastahili na maneno. Yawe machache: nilikuchapa kwa kosa ambalo si lako, nilikosea, nisamehe. Usiongeze “lakini na wewe umezidi”. Hiyo “lakini” inalirudisha deni kwa mtoto. Usimwulize papo hapo kama amekusamehe, maana kwako wewe hana ubavu wa kusema hapana. Akinyamaza, mwache anyamaze. Mwachie taa, funga mlango taratibu, na kesho asubuhi mwamshe shule kama kawaida.