Moyo Uliotangulia Miguu: Marathoni Ndani ya Maandalizi ya Triathloni

Mkimbiaji wa ridhaa, yaani yule anayefanya mazoezi alfajiri na jioni huku mchana akiwa kazini kwake, anapoanza kujiandaa kwa triathloni aghalabu hujisajili pia katika marathoni moja au mbili za msimu huohuo. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo pasipo mapumziko, humalizikia kwa mbio, na katika umbali wake mrefu unaojulikana zaidi mbio hizo ni marathoni kamili ya kilomita 42.195. Kwa hiyo huonekana kwamba anayetaka kuzimaliza salama hana zoezi bora kuliko kukimbia marathoni nyingine kabla yake. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inasahau jambo moja kubwa la maumbile: kuogelea na baiskeli huujenga moyo kwa kasi ambayo mifupa na kano za mkimbiaji haziwezi kuifuata, na hivyo hatari inayomkabili mtu huyu siku ya marathoni hutokana zaidi na nguvu alizonazo kuliko na zile anazozikosa.

Marathoni na triathloni ndefu zina undugu wa tangu mwanzo. Tarehe 18 Februari 1978, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, pamoja na mkewe Judy, waliandaa shindano lililounganisha mashindano matatu yaliyokuwapo tayari kisiwani humo: kuogelea baharini Waikiki kilomita 3.86, kuzunguka kisiwa kwa baiskeli kilomita 180, na Marathoni ya Honolulu. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12, na wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Hapakuwa na mwalimu wala kitabu kilichowaeleza namna ya kugawa nguvu kwa siku nzima, na mmoja wao, John Dunbar, aliyekuwa akiongoza mbio zilipoanza, aliishiwa maji njiani hadi wasaidizi wake wakampa bia badala yake. Shindano hilo, ambalo leo hujulikana duniani kwa jina la Ironman, lilihamia kisiwa kikubwa cha Hawaii mwaka 1981. Triathloni ya Olimpiki, iliyoingizwa Sydney mwaka 2000, ni fupi zaidi, yaani kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu, na anayejiandaa kwa umbali huo hana haja yoyote ya marathoni. Maelezo yanayofuata yanamhusu anayelenga safari ndefu.

Uvumilivu wa mwili katika michezo ya muda mrefu hutegemea kwanza uwezo wa moyo, mapafu na damu kufikisha oksijeni kwenye misuli, na uwezo wa misuli yenyewe kuitumia. Mabadiliko ya mwanzo katika mfumo huu huja mapema: ndani ya wiki chache za mazoezi ya mara kwa mara kiasi cha maji ya damu huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mapigo ya mtu aliyepumzika hupungua. Moyo hautofautishi sana kati ya saa mbili za baiskeli na saa mbili za mbio, ilimradi bidii iwe ileile, na ndiyo maana mwanatriathloni anayekimbia mara tatu tu kwa wiki anaweza kuwa na pumzi sawa na mkimbiaji anayekimbia mara sita. Misuli ya miguu hunufaika pia, ingawa baiskeli huisaidia zaidi kuliko kuogelea, ambako kazi kubwa hufanywa na mabega na mikono.

Mifupa na kano, yaani zile kamba ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, huishi kwa kalenda nyingine kabisa. Majini uzito wa mtu hubebwa na maji, na juu ya baiskeli hubebwa na kiti, kwa hiyo saa nyingi za mazoezi ya triathloni hupita bila miguu kupokea kishindo cha ardhi. Katika kukimbia, kila unyayo unapotua ardhi huurudishia mwili nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na mtu anayemaliza marathoni kwa saa nne hutua takriban mara 40,000. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, na hivyo hujirekebisha polepole. Mfupa nao hujijenga upya kwa kubomoa kwanza tishu kuukuu kisha kuweka mpya, mzunguko unaochukua miezi mitatu au minne, na katika kipindi cha ubomoaji sehemu inayofanyiwa kazi huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla ya mazoezi kuongezwa. Mwanatriathloni aliyeongeza pumzi haraka bila kuongeza mbio taratibu amefunga tanga la jahazi kwenye ngalawa, na upepo ukiwa mzuri ndipo mlingoti unapovunjika.

Jambo hili hujitokeza wazi katika nusu ya kwanza ya marathoni. Mkimbiaji huyu huhisi mwepesi, anaweza kuzungumza bila kuhema, na kipimo cha mapigo ya moyo mkononi mwake kinamwambia kwamba bado ana akiba, kwa hiyo huongeza kasi kupita ile aliyoipanga. Kipimo hicho hakidanganyi kuhusu moyo, ila hakina habari yoyote ya hali ya muundi, kisigino au misuli ya mbele ya paja, ambayo kila hatua hujikaza huku ikivutwa ili kuzuia goti lisikunjike. Kujikaza kwa namna hiyo, ambako msuli hurefuka wakati uleule unapotoa nguvu, ndiko kunakochana nyuzi ndogondogo za misuli, na ni kazi ambayo baiskeli karibu haiifanyi kabisa. Kipimo cha haki kwa mtu wa aina hii ni kasi aliyowahi kuimudu katika mbio zake ndefu za mazoezi, hata kama pumzi inadai zaidi.

Tatizo la pili, upungufu wa nishati, humpata kila mkimbiaji wa marathoni, lakini hapa mwanatriathloni ana faida ya kweli. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kwa umbo la glikojeni, na akiba hiyo kwa mtu mzima aliyekula vizuri ni takriban gramu 400 hadi 500, sawa na kilokalori 1,600 hadi 2,000. Kukimbia hugharimu karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili katika kila kilomita, maana yake mtu wa kilo 70 anahitaji takriban kilokalori 2,900 kumaliza marathoni. Mafuta ya mwili hujazia sehemu ya pengo hilo, lakini hayatoi nishati kwa haraka inayohitajika, na kadiri mtu anavyokimbia kwa kasi ndivyo anavyotegemea wanga zaidi. Ndiyo sababu wengi huanza kulegea baada ya kilomita ya 30. Tiba yake ni kula njiani gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na waliozoesha matumbo yao hufikia gramu 90 kwa kuchanganya glukosi na fruktosi, sukari mbili zinazopita kwenye utumbo kwa milango tofauti. Mwanatriathloni hujifunza ustadi huu juu ya baiskeli, mahali ambapo tumbo halitikisiki, na marathoni humpa nafasi ya kuujaribu katika mtikisiko. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo somo lenye thamani kubwa kuliko yote ambalo marathoni inaweza kumpa.

Maji yanahitaji uangalifu uleule. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mapigo ya moyo hupanda polepole hata kasi isipobadilika, kwa kuwa damu hugawanywa kati ya misuli inayofanya kazi na ngozi inayopoozwa, na kupungua kwa maji huzidisha hali hiyo. Hata hivyo, kunywa kupita kiu kuna hatari yake. Uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa Marathoni ya Boston ya mwaka 2002 ulionyesha kwamba asilimia 13 kati yao walimaliza wakiwa na upungufu wa sodiamu katika damu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio, yaani waliokunywa kuliko walivyotoa jasho. Wanaokimbia polepole, ambao ndio wengi miongoni mwa wakimbiaji wa ridhaa, wana muda mrefu zaidi wa kunywa.

Lipo pia jambo ambalo marathoni ya kawaida haiwezi kulifundisha, nalo ni kukimbia juu ya miguu iliyokwisha kutumika. Mwezi Oktoba 2022 Gustav Iden wa Norwe alishinda ubingwa wa dunia wa Ironman huko Kona, Hawaii, kwa kukimbia marathoni yake kwa saa 2, dakika 36 na sekunde 15, naye ni bingwa mwenye maandalizi ya hali ya juu kabisa. Kwa mtu wa kawaida gharama ya kilomita 180 za baiskeli ni kubwa zaidi. Mwaka 1982 Julie Moss, mwanafunzi aliyeshiriki shindano hilo ili kukusanya taarifa za utafiti wake wa fiziolojia ya mazoezi, alikuwa akiongoza upande wa wanawake alipoanguka karibu na utepe, akapitwa na Kathleen McCartney, kisha akatambaa hadi kumaliza sekunde 29 nyuma yake. Picha za televisheni za tukio hilo ziliuvutia umma kwa mchezo huu kuliko tangazo lolote. Dawa ya tatizo hilo ni kukimbia dakika 20 au 40 mara tu baada ya kushuka baiskeli, zoezi lisilo na medali wala washangiliaji, ambalo humfaa mwanatriathloni kuliko marathoni ya pili.

Swali linalobaki ni la wakati. Marathoni hudai wiki mbili au tatu za kupunguza mazoezi kabla yake na wiki kadhaa za kurejea baada yake, kwa kuwa kreatini kinesi, kimeng'enya kinachovuja kutoka misuli iliyochanika, hubaki juu katika damu kwa siku kadhaa, na nyuzi zenyewe huchukua muda mrefu zaidi kupona. Mwenye kazi na familia anayeondoa zaidi ya mwezi katika maandalizi yake amelipa bei kubwa. Njia yenyewe nayo ni ya kuangaliwa: Marathoni ya Kilimanjaro, inayofanyika Moshi tangu 2003, kwa miaka mingi imewapandisha wakimbiaji kuelekea Mweka katika nusu ya pili na kuwarudisha mjini kwa mteremko, na ni mteremko, zaidi ya mlima, unaoyachakaza mapaja. Kwa sababu hizo marathoni inafaa iwekwe mwanzoni mwa maandalizi, kabla ya miezi ya safari ndefu za baiskeli, na ikibaki chini ya wiki nane au kumi kabla ya triathloni ndefu, nusu marathoni hutoa karibu manufaa yote kwa sehemu ndogo ya gharama.

Baada ya mbio mwanatriathloni ana bahati ambayo mkimbiaji mtupu hana, kwa kuwa anaweza kurudi majini mapema, kisha kwenye baiskeli kwa mwendo mwepesi, na mbio zikawa za mwisho kurejeshwa. Pumzi itarudi kwanza na kumshawishi aharakishe. Maumivu yaliyoenea pajani ni ya misuli nayo hupungua siku hadi siku, lakini maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa wa muundi au wa unyayo, yanayoonekana kwa kubonyeza kidole na kuzidi kadiri anavyokimbia, huweza kuwa ufa mdogo katika mfupa, na mwenye dalili hiyo anapaswa kuacha kukimbia siku hiyohiyo na kumwona daktari.