Mvuke Haukushindwa kwa Nguvu

Wengi huamini injini za mvuke ziliondolewa Afrika Mashariki kwa sababu ya udhaifu. Injini za daraja la 59 zinakanusha dhana hiyo. Ziliundwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima. Zikiwa na uzito wa tani 250 hivi, zilivuta shehena ya tani 1,200 kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Katika reli za upana wa mita moja, hakuna injini ya mvuke iliyozizidi.

Mbona basi dizeli ilitawala? Kwa sababu ya matunzo. Boila hunywa maji mengi mno, na njia hii hukatiza nyika kame ya Taru. Tena huwashwa saa nyingi kabla ya safari, husafishwa, hukaguliwa. Hoja hiyo ni ya haki, wala siipingi. Ila inahusu gharama, si uwezo, na sehemu ya gharama hiyo ilikuwa ujira wa mafundi stadi. Mount Gelai na Mount Shengena zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Ujuzi wa waliozihudumia hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 nao ni urithi, na haukai ndani ya chuma.