Paa Lisisubiri, Maktaba Isogee

Jiji lenye mfuko mmoja wa fedha za utamaduni hufika siku likaulizwa: tukarabati jumba la kale la maonyesho linaloelekea kuanguka, au tupanue maktaba iliyofurika wanafunzi? Kwa kawaida wahandisi huleta makadirio mawili, kamati ikatazama lipi ni nafuu, uamuzi ukapita. Upimaji huo una kasoro kubwa, kwa sababu majengo haya mawili hayaharibiki kwa namna moja wala hayali fedha kwa namna moja.

Tuanze na jumba la maonyesho. Ukumbi wake ni chumba kipana kisicho na nguzo katikati, ili mtazamaji asizibwe. Kwa hiyo paa huvuka upana wote huo likiegemea kuta za pembeni tu, na lenyewe ndilo linalozishika kuta zisiyumbe. Bati likitoboka, maji hufika kwenye kenchi. Mbao huoza, chuma huliwa na kutu, na kuta hubaki zimesimama bila kitu cha kuzifunga juu. Hapo uharibifu hauendi tena polepole. Jumba lililoonekana chakavu tu kwa miaka mingi linaweza kuharibika kupita kiasi ndani ya misimu michache ya mvua.

Zanzibar inalijua jambo hili kwa uchungu. Sinema ya Majestic, pale Vuga, ilijengwa upya miaka ya 1950 baada ya jumba la awali, lililochorwa na J. H. Sinclair, kuteketea kwa moto. Filamu zilipokoma na matunzo yakakoma, paa la ukumbi likaporomoka. Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash la mwaka 1883, lina funzo kali zaidi. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa tayari umeanza, upande mkubwa wa jengo uliporomoka na kuua watu wawili. Fedha zilikuwa zimepatikana, ila zilikuta jengo limeshachoka.

Maktaba ina tabia tofauti. Kuta zake si gharama kubwa kuliko zote. Mishahara ya wakutubi, vitabu vipya, umeme na intaneti hulipwa kila mwaka, na maktaba ya umma haipaswi kumtoza msomaji kiingilio ili kujilipia. Jumba la maonyesho angalau huuza tiketi na kukodisha ukumbi. Ndiyo maana makadirio ya upanuzi yanayoishia kwenye matofali na rangi ni makadirio nusu. Kamati iulize gharama za miaka 20, la sivyo jiji litajenga vyumba vizuri vyenye rafu tupu.

Wapo wanaopendekeza kumaliza ubishi kwa kuhamishia maktaba ndani ya ukumbi wa kale. Wazo linavutia, lakini sakafu ya ukumbi mara nyingi huteremka kuelekea jukwaani, madirisha ni machache kwa makusudi, na rafu zilizojaa vitabu zina uzito mkubwa kuliko meza za ofisi au viti vya watazamaji. Kusawazisha sakafu, kuiimarisha na kutoboa kuta kwa ajili ya mwanga huweza kula fedha ambazo zingetosha jengo jipya, na jumba lenyewe likapoteza sauti na umbo vilivyolifanya listahili kuokolewa.

Nairobi imetuonyesha njia nyingine. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ikawazuia Waafrika, ni jengo la kihistoria lenye sheria yake ya bunge. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, lilipoanza kuhuisha maktaba za jiji, halikujifungia katikati ya mji. Lilianza kazi ya ukarabati kwenye matawi madogo ya Kaloleni na Makadara, mitaani kwa watu. Kupanua maktaba, basi, kunaweza kuwa kuisogeza, bila kulinenepesha jengo kuu.

Sasa tuje hapa Nyabugogo, bondeni jijini Kigali. Kigali, mji ulioanza mwaka 1907 na kuwa mji mkuu mwaka 1962, hauna Majestic ya kuokoa. Kituo cha utamaduni cha Wafaransa na Wanyarwanda, kilichokuwa na ukumbi na maktaba pamoja, kilifungwa mwaka 2014, kisha jengo likabomolewa. Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyoasisiwa na Rotary ya Kigali-Virunga na kufunguliwa mwaka 2012, iko juu Kacyiru. Huku bondeni kuna stendi kuu, mabasi ya mikoani na ya Kampala, masoko, makuli, wanafunzi wanaosubiri gari, na Kiswahili kinachosikika kila kona. Tangu 2017 hata sheria imekitambua kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Msomaji wa hapa hahitaji bawa jipya Kacyiru. Anahitaji tawi hapa hapa, kwenye ghorofa ya juu kwa sababu bonde hili hufurika, lenye vitabu vya Kinyarwanda na Kiswahili, na lenye saa za kazi zinazofuata mabasi.

Wala wasanii wa Kigali hawatapokonywa kitu, maana kazi yao haitegemei jumba la kale. Ishyo, kituo cha sanaa cha Carole Karemera, kiliwahi kuwapelekea watoto maktaba ndani ya basi. Na hapo ng'ambo, Gisozi, tamasha la Ubumuntu limekuwa likifanyika tangu 2015 kwenye ukumbi wa wazi wa Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari.

Rai yangu kwa kamati yoyote ni hii. Kama jumba haliwezi kupatikana tena likianguka, fedha ya kwanza iende kwenye paa na mifereji ya maji, si kwenye mapazia wala viti. Hiyo ni sehemu ndogo ya ukarabati kamili, nayo hununua miaka ya kutafuta fedha iliyobaki. Fedha inayofuata, iliyo kubwa zaidi na ya kila mwaka, iende maktaba. Na kwa Kigali, isiyo na paa la kale la kuokoa, foleni inaanzia maktaba moja kwa moja: Halmashauri ya Jiji itenge ghorofa moja Nyabugogo na mishahara ya wakutubi wake katika bajeti ijayo.