Herufi Zinazoitambulisha Redio Kongwe

Redio kongwe isiyo na kibandiko, ikikutwa darini huko Lushoto, haifai kuchomekwa kwenye umeme kwa kubahatisha. Kwanza zisomwe alama za valvu zake, yaani chupa za kioo zilizotumika kabla ya kuenea kwa transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947. Katika mfumo wa Ulaya, herufi ya kwanza huonyesha umeme wa kupashia moto waya wa ndani: E ni volti 6.3, D kwa kawaida ni volti 1.4, takriban nguvu ya jiwe moja la tochi. Hivyo DK96, DF96, DAF96 na DL96 zikiwa pamoja, hiyo ni redio ya betri, iliyovifaa vijiji vya Usambara ambako umeme ulichelewa kufika. Ikiunganishwa na volti 230, valvu zake zaweza kuungua papo hapo. Je, valvu ya EL84 hupashwa kwa volti ngapi?